Hedifoni Zangu za Bei Mbaya na Sauti ya Bibi Spesiyoza

Jumapili, Gungu. Umeme haupo tangu alfajiri.

Mchana wote kumekuwa na joto la kunata, lile la kabla ya mvua, na upepo wa ziwani umegoma kupanda huku kwetu. Sasa ni jioni, jua bado lipo. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, simu mkononi, na ninaandika haraka kabla betri haijaisha. Au kabla sijabadili mawazo, maana najijua.

Leo nina aibu. Si ile aibu ya kuteleza kwenye matope mbele ya wanafunzi, ambayo mwishowe na wewe unacheka. Hii imekaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Wanaonisoma humu wananijua. Mwalimu wa Fizikia, mtu wa Morogoro niliyepangiwa kazi Kigoma, mwenye blogu ya kuchambua spika, hedifoni na chochote kinachotoa sauti. Wananijua pia kwa ubishi. Mtu akithubutu kuandika kwenye maoni kwamba chapa kubwa ni jina tu, kwamba unalipia nembo na boksi zuri, namshukia kama mwewe. Ubora unasikika, huwa namjibu, na kama wewe husikii kasafishe masikio. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba simu yangu siku hizi inaimalizia yenyewe.

Hedifoni zangu nilizinunua kwa kujinyima kweli kweli. Sitaitaja chapa, mnaijua, nimeisifia vya kutosha. Nilipozivaa mara ya kwanza nilikaa kitandani nikatabasamu peke yangu. Besi inatua, filimbi inang'aa, na kelele za Gungu zote zinabaki nje: bodaboda, majogoo, watoto wa jirani. Nilijiona mtu aliyefika.

Kuna jambo sikuwahi kuliandika hapa. Mwezi uliopita, ofisini kwa walimu, mwalimu wa Kemia alinifunga macho kwa mtandio wake. Akaniegeshea masikioni hedifoni zangu, kisha zile alizonunua yeye soko la Mwanga, bila kuniruhusu niziguse kwa mkono. Nikaambiwa nichague zenye ubora. Nikachagua za Mwanga. Nilizichagua kwa sauti kubwa, na maelezo juu, kwamba hizi hapa ndizo zenye kina. Walimu walicheka mpaka kengele ikagonga. Nikasema mtandio ulikuwa umenibana sikio la kushoto.

Jaribio likinipendelea naliandika. Likinikataa nalisahau.

Lakini hilo ni la kucheka tu. Lililonikalisha hapa kwenye ngazi ni jingine.

Jirani yangu wa upande wa michongoma ni Mama Eliza. Anafanya biashara ya dagaa. Kila kunapokucha yuko Kibirizi kupokea mitumbwi, na binti yake Eliza namfundisha Kidato cha Pili. Mama Eliza jina lake ni Jenerose. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini, akaolewa na Muha wa hapa Gungu, na maisha yakaendelea. Mama yake, Bibi Spesiyoza, alibaki kambini miaka yote hiyo. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya yao.

Miaka hii ni ya mabasi ya kurudisha wakimbizi. Kila baada ya muda unasikia msafara mwingine umevuka mpaka wa Manyovu kurudi Burundi, na mwaka huu zamu ya Bibi na wanakwaya wenzake ikafika. Wakapewa kibali cha kutoka kambini siku moja, waje kanisani kwetu kuaga. Mama Eliza akaja mlangoni kwangu na bakuli la dagaa, akasema Mwalimu wewe una mitambo, naomba utunasie wimbo wa mama.

Ni wimbo ambao kwaya yao huuimba watu wanapoachana. Anayeongoza anaita kila familia kwa jina, wanaoondoka na wanaobaki, na kuwauliza kwa Kirundi, muri hehe? Mko wapi? Walioitwa wanaitikia, turi hano. Tuko hapa. Anaendelea hivyo mpaka wote waishe, na haruhusiwi kumsahau mtu. Bibi Spesiyoza aliita familia zote bila kusoma popote, macho kafumba, mkono mmoja kaushika wa mwenzake. Mwishoni akamwita Jenerose peke yake, kwa sababu Jenerose ndiye pekee kati yao aliyekuwa anabaki. Kanisa zima lilikuwa linafuta machozi. Mimi nilikuwa natazama mishale ya kinasa sauti.

Nilikuwa nimempa Bibi kipaza sauti chake peke yake, na kwaya vyake. Nikaenda nyumbani, nikavaa hedifoni zangu, nikaanza kuupika wimbo. Kwenye programu ninayotumia kuna kitufe cha kutanua sauti. Nikampa Bibi upana kidogo, ikapendeza. Nikaongeza. Nikaongeza tena mpaka mwisho kabisa, na ndani ya hedifoni zangu sauti ya yule mzee ikanizunguka kichwa chote kama niko naye chumbani. Nilisisimka. Nikasema kimoyomoyo, hiki ndicho watu wanacholipia.

Wimbo ukatiwa kwenye memori kadi, kila familia ikapewa ya kwake. Mabasi yakaondoka.

Siku chache baadaye Mama Eliza akaja. Alikuwa kabeba redio yake ndogo, ile ya kuchomeka memori kadi, ambayo nusu ya Gungu wanayo na nusu ya Burundi pia. Akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kukosa adabu:

"Mwalimu, wimbo upo. Ila mama hayumo."

Sikumwomba aniwashie hiyo redio nisikie. Hilo ndilo linaloniuma zaidi leo. Ilikuwa mkononi mwake, ningenyoosha mkono tu.

Badala yake nikatoa mhadhara. Nikamweleza kwamba redio kama hizo ni takataka, spika yenyewe ni karatasi, haiwezi kubeba sauti iliyonaswa kitaalamu. Nikamkalisha sebuleni, nikamvisha hedifoni zangu, nikamfungulia wimbo kwenye simu. Akasikiliza ametulia. Bibi alipofika kwenye jina lake, Mama Eliza akaziba mdomo kwa khanga na machozi yakamtoka.

Nikampiga picha.

Nilimwomba ruhusa, ndiyo. Akakubali kwa kichwa. Leo najua alidhani hiyo picha namtumia mama yake.

Picha ile niliiweka humu. Wengi wenu mliiona. Kichwa cha habari kilikuwa Ubora Haujifichi, na nikaandika kwamba hata mama mkimbizi, ambaye maisha yake yote amesikiliza redio mbovu, alipoonja chapa ya kweli alilia. Niliandika mkimbizi, si jirani, wala si mfanyabiashara wa Kibirizi, wala mzazi wa mwanafunzi wangu. Nilijua ni neno lipi litawafanya mbonyeze. Mkabonyeza kweli. Sijawahi kupata maoni mengi kama yale. Muuza vifaa mmoja wa Dar akaniandikia kwamba amependa sana simulizi yangu, na kwamba atanitumia toleo jipya nilifanyie uchambuzi. Mzigo uko njiani. Kwa wiki mbili nimekuwa nikiulizia kwenye ofisi ya mabasi.

Huku nyuma habari zikawa zinakuja kutoka Burundi, na nilizisikia. Michongoma si ukuta. Mama Eliza alikuwa akiongea na ndugu zake kwa simu, na siku nyingine ananisimulia mwenyewe. Bibi kaacha kuimba. Kwaya imejikusanya upya kule, wamemfuata, kakataa. Anasema ameusikiliza ule wimbo kwenye redio. Watu wote wanaitikia turi hano, turi hano, na hakuna anayewaita. Anasema ameelewa. Wanamwitikia mtu ambaye hayupo tena. Mtu akishaoneshwa hivyo haongozi wimbo, anatulia nyumbani kwake na kusubiri siku yake.

Nilimwambia Mama Eliza kwamba ni uzee. Nikamwambia pia, Mungu anisamehe, kwamba wamtafutie Bibi redio ya maana.

Basi leo. Nimetoka ibadani, umeme hakuna, hedifoni zimekata chaji tangu jana. Nikataka kuusikiliza ule wimbo ili niandike kipande cha pili cha sifa, cha kumfurahisha yule muuzaji. Kwa kuwa hedifoni zimekufa, nikaufungulia kwenye spika ya simu. Yangu ni simu ya kawaida, ina kispika kimoja kwa chini. Nikaiweka mezani, nikaenda kuchota maji ya kunywa.

Turi hano, wakaimba.

Kimya.

Turi hano, wakaimba tena.

Nikarudi na kikombe mkononi. Nikaongeza sauti. Kwaya ikapanda, ngoma ikapanda, makofi yakapanda. Bibi hakuwepo. Kulikuwa na kitu kama pumzi pale alipopaswa kuwa, kama mtu anayesemea nyuma ya ukuta mnene, halafu kwaya nzima inaitikia kwa furaha, inamwitikia asiyekuwepo.

Nilijua papo hapo. Ningependa kusema nilihangaika kutafuta sababu, lakini naifundisha sababu hiyo Kidato cha Tatu. Naichora ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Mawimbi mawili yenye nguvu sawa, moja likipanda wakati jingine linashuka, yakikutana yanafutana. Ule upana niliokuwa naushangilia haukuwa upana wa chochote. Kitufe kile kilikuwa kimeichukua sauti ya Bibi, kikaipeleka sikio la kulia hivi na sikio la kushoto kinyume chake. Ukivaa hedifoni, kila sikio lina spika yake, hazikutani, na kichwa chako kinadanganyika kwa utamu. Ukiweka kwenye redio ya spika moja, zinakutana. Bibi anafutika.

Yaani niliutengeneza wimbo ambao ungesikika kwangu tu na kwa watu wenye vitu kama vyangu. Watu aliokuwa akiwaita hawana vitu kama vyangu.

Najua mtauliza, maana ndilo swali la blogu hii tangu niianzishe: chapa kubwa ni ubora au ni matangazo? Nitasema ninachokijua leo. Hedifoni zangu si feki. Ni imara, ni laini, haziumizi masikio, zina utamu wake. Hazikunidanganya. Zilinipa vizuri sana nilichoziwekea. Matangazo nilikuwa mimi. Nililipia sifa, kwa hiyo nikawa nasikia sifa, na mtu alipokuja na ushahidi mkononi kwamba kuna kitu hakipo, nikaangalia redio yake na miguu yake yenye vumbi la Kibirizi nikaamua nani anasikia na nani hasikii.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nikakirudisha kile kitufe mahali pake. Nikaufungulia wimbo kwenye simu, na Bibi akatoka, mkavu kidogo, mkwaruzo kidogo, yupo. Nilikaa chini sakafuni. Ingekuwa kazi ngumu ningejipa moyo.

Nikautia kwenye memori kadi, nikazunguka michongoma. Mama Eliza alikuwa uani anageuza dagaa kwenye chekeche. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanzia mwisho.

"Mama Eliza, redio yako ni nzima. Mimi ndiye niliyemfuta Bibi."

Hakuelewa. Nikaichukua redio dirishani, nikachomeka kadi, nikawasha. Bibi alipoita familia ya kwanza, mikono ya Mama Eliza ikasimama juu ya dagaa. Alisikiliza wimbo wote akiwa kainama vile vile. Nilitegemea atalia tena. Hakulia. Alipomaliza akajipangusa magamba, akachukua simu yake, akampigia mpwa wake aliye na Bibi kule.

Wakaongea Kirundi muda mrefu. Nilikuwa nashika neno hapa na pale. Kisha akaninyooshea simu.

"Mwambie wewe."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ni wewe Mwarimu wa mashine?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya mawimbi na vitufe, nikaanza upya. Mwisho nikasema tu kwamba sauti yake ilikuwepo siku zote, na niliificha mimi kwa ujinga, na kwamba haikuwa ishara ya kitu chochote.

"Sasa wewe," Bibi akauliza, "siku zile wewe ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia Bibi. Vizuri kabisa."

"Kumbe." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa naita watu wangu, wewe ukanisikia peke yako."

Hakusema kwa hasira. Angalau angenigombeza ningepumua. Akaomba arudishiwe binti yake, na Mama Eliza akaiweka simu karibu na redio, wimbo ukapigwa tena mpaka mwisho. Sijui kama ataimba. Nilimsikia akimwambia binti yake kitu, na binti akanitafsiria kwamba anasema ataona, kwa sasa wamwache asikilize kwanza. Zile kadi nyingine ziko kwenye vilima vya kule Burundi ambavyo hata Mama Eliza havijui vyote. Tutawatumia wimbo uliorekebishwa wale wenye simu. Wengine wataendelea kuitikia bila kuitwa.

Nikadhani nimemaliza. Nikamwambia Mama Eliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusamehewa upesi, kwamba kuna picha yake niliiweka mtandaoni na leo hii naifuta.

"Naijua," akasema.

Vijana wanaopakua mizigo Kibirizi walishamwonesha zamani. Walimsomea na maneno yake yote. Wenzake wa kwenye dagaa wakawa wanamtania, mama wa redio mbovu, lete dagaa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alifikiri labda Mwalimu ana sababu yake. Na kwamba ile redio hajaiwasha tena tangu siku ile, kwa sababu nilimwambia haifai na mimi ndiye niliyesoma.

Nikarudia tu kwamba naifuta, sasa hivi, mbele yake.

"Usifute," akasema. "Walioona wameshaona. Andika pale pale chini ya picha kwamba redio yangu haikuwa mbovu."

"Sawa. Na lile neno mkimbizi nalitoa."

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekosa swali rahisi.

"Hilo liache. Hilo ni kweli, mgongoni kwa mama nilikuwepo. Mimi sina aibu nalo. Uongo ni ule wa redio."

Akainama, akaendelea kugeuza dagaa wake.

Nimekaa hapa tangu niliporudi. Betri imekuwa nyekundu. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza nitapita ofisi ya mabasi kuacha maelekezo kwamba ule mzigo ukifika urudi Dar. Hilo ni jepesi, nalijua, ndiyo maana nimelifikiria kwanza. Zito ni mstari mmoja tu chini ya picha ile, mahali ambapo wote mliosifu mtausoma, na nimeuandika nikaufuta mara kadhaa kwa sababu kila nikiuandika najikuta nimeanza kujitetea.

Naubandika sasa, bila kupamba. Redio ya Mama Eliza ni nzima. Yeye alisikia sawasawa tangu siku ya kwanza, akaja akaniambia, nami nikamwambia hasikii.